Meno Manne na Uzi wa Cherehani

Kama unasoma haya huku ncha ya ulimi wako inalisukuma jino kulipima kama limelegea kuliko jana, acha kwanza. Nakujua. Mimi nilifanya hivyo karibu miaka mitatu, na sijaona jino likikaza kwa kusukumwa. Tuliza ulimi, unywe chai yako, nikuambie yaliyonipata mimi Nekesa, fundi wa cherehani mjini Kitale, na meno yangu manne ya mbele ya juu.

Mambo yalianza Januari ile shule za msingi zilipofanywa za bure. Watoto walitoka kila upande, hadi Endebess huko, na kila mmoja alitaka sare. Cherehani yangu ilikuwa kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Zuhura, mjane mwenye kelele na roho safi, nyumba yake iko nyuma ya msikiti. Nilishona marinda na kaptula za buluu mpaka nikifumba macho naona buluu. Na kila mshono ulipoisha niliinamisha kichwa, nikakata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwapo, lakini mkasi lazima uutafute chini ya vitambaa, na meno yako hapo hapo. Ndivyo nilivyofundishwa na Kukhu, nyanya yangu aliyenilea kule Bungoma. Yeye mwenyewe alikatia pembeni, maana meno yake mawili ya mbele ya chini aling'olewa akiwa msichana, kwa desturi ya watu wetu wa zamani.

Mchana mmoja nilikata uzi na jino likasogea. Halikuuma. Lilisogea tu, kama mtu anayesogea kwenye benchi akupishe ukae. Nikaliguza kwa kidole, likarudi mahali pake, nikaendelea na kola ya shati. Jioni nikaliguza tena. Wiki iliyofuata na jirani yake naye akaanza kusogea.

Ndipo ndoto zikaja. Naona niko nyumbani Bungoma, jua limelala chini, Kukhu amekaa kwenye turubai anapukuchua mahindi. Punje zinaanguka polepole, bila sauti. Nami nakaa nimsaidie. Kila nikishika gunzi, naona punje nyingine ni nyeupe kupita kiasi, naziokota, kumbe ni meno yangu. Kukhu hashtuki. Anayatenga kando, kwenye kikombe, na kuendelea na kazi. Nikiamka asubuhi naingiza kidole mdomoni nahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Yapo. Namshukuru Mungu, nawasha jiko.

Siku moja nilitaka kumsimulia Mama Zuhura ndoto hiyo. Akaniwekea mkono mbele ya uso.

"Wee! Ndoto mbaya haisimuliwi, mwanangu. Temea kushoto mara tatu, ujikinge kwa Mungu, basi."

"Nitatemaje, Mama Zuhura? Nikitema jino litatoka nalo!"

Alinitazama, akaona sitanii. Akaja akainua mdomo wangu wa juu kwa kidole gumba, vile mtu anavyomwangalia mbuzi sokoni, na kicheko kikamwisha usoni. Siku hiyohiyo alifunga duka kabla ya adhuhuri, akanipeleka kwa daktari wa meno pale mjini.

Benchi la kungojea lile nalikumbuka kuliko hata daktari. Lilikuwa la mbao, limeng'aa kwa kukaliwa. Ilikuwa mwezi wa saba, na ukungu wa Kitale ulikuwa bado umelala barabarani, ukiingia mpaka mlangoni, hata watu waliokuwa wakipita nje walionekana nusunusu. Humo ndani kila mtu alikuwa ameshika shavu. Mzee mmoja alisinzia, akaniegemea begani, nami sikumsukuma. Nilipoitwa nilikuwa karibu nalala na mimi. Daktari alinipiga picha ya eksirei, akaitazama, akaniambia haya maneno bila ukali wowote: "Haya manne yatatoka tu, kesho au mwakani. Afadhali tuyang'oe yote, tukutengenezee ya bandia."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimeolewa mwaka na nusu. Sikulia pale. Nilitoka nikasema nitarudi, na sikurudi.

Mume wangu Wafula aliendesha trekta kwenye shamba la mahindi upande wa Endebess, akawa anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Ni mtu mpole, lakini upole wake wakati ule ulinichosha. Nilikuwa nimeacha kucheka. Nikicheka nilijifunika mdomo kwa kiganja, na akinisogelea nageuka ukutani. Chakula changu kilikuwa uji, ndizi za kupondwa, na mkate uliolowekwa kwenye chai. Wafula akaleta mahindi mabichi ya kuchoma, ya kwanza ya msimu, amenichagulia yenye punje changa. Nikayatazama nikaanza kulia.

"Sasa mahindi imekukosea nini?" akauliza.

"Sina meno ya kuyala!"

"Si ung'oe tu, bana! Daktari amesema uweke ingine. Sisi tupumzike."

"Sisi nani? Ni mdomo wako?"

Aliweka mahindi chini akatoka nje. Nilijua hakusema kwa ubaya, lakini lile neno "tupumzike" lilinikaa kifuani mpaka mvua zikaisha. Nakuambia haya ili ujue: watu wa nyumbani huchoka mapema kuliko mgonjwa, na huchoka kwa sababu hawaoni kidonda. Jino linalocheza halina damu, halina bandeji. Kila mtu anakuona uko sawa.

Mama Zuhura ndiye aliyegundua kwamba nimekonda. Tangu siku hiyo alikuwa akichemsha mahindi, anayakata kutoka kwenye gunzi kwa kisu, ananiletea barazani kwenye bakuli la maua mekundu. Aliliweka karibu na pedali na kuondoka akikemea watu wanaoshikashika vitambaa bila kununua. Lile bakuli bado ninalo.

Kukhu alipopata habari alituma neno niende Bungoma haraka, amenipatia mtu wa meno. Nikafurahi. Nikavaa vizuri, nikafunika cherehani yangu na kwenda. Njiani nililala, na harufu ya kiwanda cha karatasi pale Webuye ndiyo iliyoniamsha, nikajua nakaribia nyumbani.

Nilimkuta Kukhu sebuleni na mzee ambaye hakuwa na koti la daktari. Alikuwa na fimbo na kofia ya sufu. Kukhu akanikalisha chini, akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyelifikiria jambo kwa muda mrefu.

"Nekesa, wewe hukutolewa meno ya chini. Mama yako pia hakutolewa. Mimi nilinyamaza, nikasema ni ulimwengu mpya. Sasa wale wakubwa wetu waliotangulia wamekosa ya chini, wanachukua ya juu. Tuwape yao mawili wakuachie manne."

"Kukhu! Unataka ning'olewe meno mazima?"

"Mawili tu. Mimi nilitolewa, na si niliolewa? Babu yako alinipenda na pengo yangu."

Nilikasirika. Na bado, wewe msomaji, nitakwambia ukweli: kwa dakika moja hesabu ile ilinivuta. Mawili ya chini, ambayo hakuna anayeyaona, nibaki na manne ya juu. Mtu aliyechoka kungoja hukubali chochote chenye mwisho. Nikamfungulia yule mzee mdomo.

Aliniinamia akisogea karibu sana, maana macho yake yalikuwa na ukungu. Akaguza meno ya juu kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, taratibu, kisha ya chini. Kukhu akamuuliza anangoja nini.

"Mama, hii kazi siwezi," mzee akasema. "Haya ya chini yamesimama kama nguzo. Ya juu yanacheza na hakuna usaha, hakuna harufu. Hiyo kitu iko ndani, mimi siioni. Alafu mkono yangu inatetemeka, na ile chuma ya kung'olea niliuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Mpereke hospitali."

Kukhu akamwaga chai yake uani kwa hasira. Mimi nilicheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi, nikasahau hata kujifunika mdomo.

Kesho yake Kukhu mwenyewe alinipeleka kwenye kliniki ya meno mjini Bungoma, akitembea mbele yangu na mwavuli, akiwa bado amenuna. Daktari wa pale alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alipiga picha zake, akanipeleka dirishani na kuishika ile filamu kwenye mwanga. "Njoo uone, mama," akaniambia.

Sijui nikuelezeje. Meno yangu yalikuwa pale, meupe kwenye giza, yamesimama kama watu gizani. Na juu ya kila moja, mahali ambapo ungetarajia mzizi mrefu, palikuwa na kijiti kifupi tu, kimeishia kabla hakijaanza.

"Umezaliwa hivi," daktari akasema. "Hukuyaharibu kwa sukari. Hukurogwa. Mizizi yako ni mifupi, na wewe umeyafanyisha kazi ya watu wazima. Unafanya kazi gani?"

"Mimi ni fundi wa nguo."

"Uzi unakata na nini?"

Kukhu ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Mimi ndiye nilimfundisha."

Daktari hakutulaumu. Alivuta kiti akatuambia njia zilizokuwapo, polepole, akirudia pale Kukhu alipotaka kuelewa. Tungeweza kuyaacha na kuyachunga, kuyasafisha fizi mara kwa mara ili kile kidogo kilichoyashika kisiliwe. Tungeweza kuyafunga pamoja na jirani zake kwa waya mwembamba kwa nyuma, yashikane mikono. Tungeweza kuyang'oa, niwe na meno ya bandia ya kuvua na kuvaa. Kulikuwa pia na yale ya kupandikizwa kwa skrubu kwenye mfupa, lakini hayo ni ya Nairobi, na tulicheka wote watatu. "Na mtu akikwambia uvae vyuma vya kunyoosha meno," akaongeza, "kimbia uje uniulize kwanza. Kuyavuta kutaimaliza mizizi yenyewe."

"Wewe ungefanya nini, daktari?"

"Ningeyafunga. Kung'oa kunaweza kungoja. Jino lililong'olewa halirudi."

Alinifunga waya mwezi wa kumi, wakati watu wanavuna. Nakumbuka taa ya buluu aliyoiweka mdomoni mwangu kukausha gundi, na macho yangu yamefumbwa, na ile buluu ikipenya kwenye kope mpaka nikadhani nimerudi barazani kushona sare. Sikuhisi maumivu. Nilihisi ulimi wangu umepata ukuta mpya. Alinipa pia kifaa cha plastiki cha kuvaa nikilala, kwa kuwa nilikuwa nikisaga meno usingizini, pengine kwenye ndoto nikipukuchua. Siku ya kwanza Wafula kukiona alisema, "Sasa umekuwa bondia." Nilimpiga na mto. Usiku huo sikugeukia ukutani.

Kila baada ya miezi mitatu nilikwenda Bungoma kusafishwa fizi. Nikaanza kuhesabu mwaka kwa safari hizo: ya kupanda, ya palizi, ya mahindi mabichi, ya kuvuna. Meno yalitulia. Nilijifunza kukata ndizi kwa kisu, nyama kwa vidole, na kutafuna kwa pembeni. Mama Zuhura akanifungia mkasi mdogo kwenye utepe mwekundu, akanivisha shingoni. "Ukiuvua," akasema, "hukalii baraza langu tena."

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojikwaa. Ilikuwa Januari nyingine, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Wazazi walijaa barazani, mvulana mmoja amesimama na shati la zamani lisilo na mkono, analia. Mkono wa mwisho ukaingia, mshono ukaisha, kichwa kikainama chenyewe. Mkasi ulikuwa unaning'inia kifuani pangu. Nikasikia *tak*, ndogo sana. Waya ulikuwa umekatika, na jino langu la mbele la kulia likalala juu ya ulimi, likining'inia kwa kipande cha ufizi.

Nilifumba midomo, nikampa mtoto shati lake. Nikaingia nyuma ya majora ya vitambaa, nikakaa sakafuni. Mama Zuhura akaja akakaa na yeye, magoti yakimlia. Sikuweza kusema, kwa hiyo nililia mdomo umefungwa. Alishika tu ule utepe mwekundu, akaukunjakunja.

Daktari wa Bungoma alinitia ganzi, na jino likabaki mkononi mwake bila kuvutwa. Uso wangu ulikuwa mbali, kama wa mtu mwingine aliyekaa chumba cha pili. Nilikuwa najiambia ndio mwisho, yatafuata mengine. Nikamsikia akisema, "Nekesa, jino lenyewe ni zima. Kilichokwisha ni mzizi." Akaniambia atakata ule mzizi, aliweke jino langu mwenyewe mahali pake, na kulishikiza kwa wenzake kwa gundi na waya mpya. Halitakuwa na mzizi kabisa. Litashikwa na majirani.

"Na litakaa?"

"Litakaa ukiliheshimu. Miaka, pengine. Likitoka tutafanya lingine. Lakini ukikata uzi tena, mimi nitakuja Kitale nikuchape."

Ile taa ya buluu ikaja tena juu ya kope zangu. Nilipojitazama kwenye kioo, meno yalikuwa manne. Moja lao lilikuwa linasimama kwa kushikwa tu, na huwezi kulijua.

Mzizi aliukata akanipa kwenye kikaratasi. Nilimpelekea Kukhu. Aliushika kati ya vidole viwili, akausogeza karibu na macho, akaugeuza. Ulikuwa mdogo kuliko punje ya mtama.

"Hii ndiyo ilikuwa imeshika jino yote hiyo?"

"Ndiyo, Kukhu."

Kisha akaufunga kwenye pembe ya leso yake, mafundo mawili. "Hii nitakaa nayo mimi," akasema. "Nikienda, wale wakiniuliza mbona wajukuu wangu hawakutoa, nitawaonyesha. Nitawaambia mmepata yenu. Yale mengine muachie mtoto." Halafu akaomba msamaha, Kukhu wangu ambaye hakuwahi kuomba msamaha kwa mtu yeyote: kwa uzi, na kwa yule mzee wa chuma. Nilimwambia yule mzee alikuwa daktari wangu wa kwanza mzuri. Tukacheka mpaka akashika mbavu.

Alifariki mavuno mawili baadaye, asubuhi, amelala. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kushona rinda lake la mwisho, jeupe, la mikono mirefu kama alivyopenda. Nilishona kwa mkono, mchana, nimekaa mlangoni pake, Wafula akinishikia kitambaa kisiguse vumbi. Leso yake ilikuwa kando, na lile fundo lilikuwa bado limekazwa. Nililifungua, nikautoa mzizi, nikautia ndani ya pindo la rinda, nikaufunika kwa mishono midogo midogo, ile aliyonifundisha.

Nilipofika mwisho niliinama. Macho yalikuwa yamejaa machozi na kichwa kilijishukia chenyewe, na uzi ulikuwa tayari kati ya meno yangu, manne, yote yapo. Nikakaa hivyo kidogo. Wafula alinitazama.

Nikautoa uzi mdomoni, nikaanza kupapasa chini kutafuta mkasi, kwenye nguo, chini ya kiti, nikilia na kumuuliza Wafula nimeuweka wapi. Naye akanyoosha mkono, akaniinulia utepe shingoni.